Tiki Nyekundu za Mdogo Wangu

6 Februari

Dada Sindano,

Shikamoo. Salamu hizi zikukute umekaa kwenye cherehani, maana najua hata nyumba ikishika moto utamaliza upindo kwanza ndipo ukimbie. Mimi ni mzima. Mgongo unalalamika kidogo, lakini huo ni mgongo wa kazi, hauhesabiki kama ugonjwa. Mama anaendeleaje na miguu yake? Mpe shikamoo yangu, na umwambie zile shuka alizokuwa akitusimanga kwamba hatujui kuzikunja, siku hizi nazikunja kutwa nzima na nalipwa.

Hoteli ni ile ile, ghorofa nyingi na lifti moja ya wafanyakazi inayogoma wageni wakiwa wengi, yaani siku zote. Huku chini kwenye chumba cha kufulia tunatandaza kila shuka juu ya meza na kuikagua. Iliyochanika tunaizungushia duara kwa kalamu nyekundu na kuiweka pembeni, isije ikapanda juu kwa wageni. Kalamu hiyo ninayo mfukoni muda wote, na ndiyo nitakayosahihishia kazi zako.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Sijasahau tulivyokubaliana sisi watatu kitandani kwa Mama. Mimi nilitangulia, na mkataba wangu ukiisha mwishoni mwa mwaka huu nirudi nimtunze yeye, wewe uje ushike nafasi yangu. Mama Funguo, ndivyo tunavyomwita msimamizi wetu kwa ule mzigo wa funguo kiunoni, amekubali nafasi ibaki kwenye familia. Sharti lake ni moja tu. Atazungumza nawe kwa simu, kwa Kihispania, na lazima akuelewe, kwa sababu wewe utakuwa juu kwenye vyumba vya wageni. Asipokuelewa, hutakuja, na mimi nitaulizwa kama nataka kuendelea.

Basi sikiliza somo la kwanza. Kihispania kina tabia ambayo wewe kama fundi utaielewa upesi. Vitenzi viwili vikikaa pamoja, mara nyingi kinapenda kuchomeka kijineno katikati, kama pini unayochomeka kwenye vipande viwili kabla hujashona. Sisi hatuna haja hiyo, tunasema naenda kulala na mambo yanaisha. Wao wanasema voy a dormir. Ile a ndiyo pini. Ukitaka kusema utafanya jambo fulani, chukua voy a, halafu kitenzi chako: voy a comer, nitakula, voy a volver, nitarudi. Ukitaka kusema unalazimika, pini ni que: tengo que trabajar, lazima nifanye kazi. Pini ikikosekana, nguo inakuachia mbele za watu.

Tunga sentensi zako na uache nafasi pembeni. Andika kutoka kichwani, usichungulie barua yangu, vinginevyo hutashika kitu. Kosa likiwepo nitaliona mimi.

Mdogo wako,
Kasuku


3 Machi

Kasuku,

Marahaba mdogo wangu. Barua imenifikia bahasha ikiwa imelowa kona moja, lakini maneno yote yako salama. Sisi hatujambo. Mama anatoka kitandani hadi kiti cha dirishani akishika ukuta, na akifika anajisifu kama aliyevuka mpaka. Anasema wewe kukunja shuka ni habari ya kwenye redio.

Nakuambia kituko. Mimi hujifunza kwa sauti huku napiga cherehani, na mlango wa chumba cha Mama uko wazi. Juzi nikaacha chai yangu ikapoa, nikasikia kutoka kitandani: "Tienes que comer," yaani lazima ule. Nilishangaa hadi uzi ukakatika. Hakuna aliyemfundisha, amedaka mwenyewe. Sasa nimejua ukasuku ulioutoa tumboni ni wa nani.

Mdogo wangu, nataka kukuambia jambo bila utani, halafu turudi kwenye utani. Tangu nikiwa msichana napima viuno vya watu wanaosafiri. Wanakuja dukani, wanasema fundi fanya haraka, ndege ni Ijumaa, nami nafanya haraka. Wanarudi baada ya miaka na nguo nyingine ya kupunguzwa au kuongezwa, na mimi niko pale pale, kiti kile kile, dirisha lile lile linalotazama ukuta wa jirani. Sikuwahi kumwambia mtu kwamba naumia. Zamu hii ndiyo kitu cha kwanza maishani ambacho nimewahi kukisubiri kwa ajili yangu mwenyewe. Kwa hiyo nisahihishe bila huruma. Usinionee haya kwa sababu mimi ni mkubwa.

Kazi yangu hii hapa: Voy a dormir. Tengo que coser. Voy coser. Tengo ir. Voy a volver.

Dada yako,
Sindano


30 Machi

Dada Sindano,

Shikamoo. Naandika haraka wakati wa chai, mpishi wa hapa ameniletea mkate wa moto kutoka jikoni, ukiona doa la siagi usiseme nimekosa adabu. Ni mtu mcheshi huyu mpishi. Mwambie Mama tienes que comer yake haina kasoro hata moja, amekupita.

Umeona karatasi yako ilivyotapakaa damu? Uliomba mwenyewe. Voy coser, pini iko wapi? Voy a coser, nitashona. Tengo ir, pini iko wapi? Tengo que ir, lazima niende. Nimezizungushia duara zote mbili, ziandike mpaka mkono uchoke. Zilizobaki nimezipigia tiki, na tiki yangu haipatikani kirahisi, muulize yeyote huku chini.

Sasa kuna nyingine, na hapa ndipo watu wanapotolewa jasho. Acabo de comer, nimetoka kula sasa hivi. Dejo de llorar, naacha kulia. Hizo mbili pini yake ni de. Vuelvo a empezar, naanza tena, pini ni a. Halafu kuna moja isiyotaka pini kabisa, kitenzi cha pili ndicho kinachobadilika mkia: sigo esperando, bado nasubiri, naendelea kusubiri. Ukichomeka pini hapo unaharibu kitambaa.

Usikate tamaa. Ukiweza hizi, Mama Funguo hatakuwa na la kusema. Nakuona kabisa ukisukuma toroli juu kule, umevaa sare uliyoipunguza mwenyewe kwa sababu hakuna inayokutosha.

Kasuku


25 Aprili

Kasuku,

Salamu kutoka kwa Mama, na kutoka kwa cherehani, ambayo nimeitia mafuta jana ikaacha kulia. Mama aliteleza kidogo bafuni, usishtuke, amepata michubuko tu na hasira. Hataki nimshike mkono. Anasema nikishaondoka nani atamshika, nikamwambia Kasuku, akaridhika.

Hizi pini za mwezi huu zimenizunguka kichwa. Najaribu kukumbuka ipi ni ya nani, nikilala zinabadilishana mahali. Nimeandika kutoka kichwani kama ulivyoagiza, sikuchungulia. Sina uhakika hata na moja, kwa hiyo chapa duara popote unapoona nimechanika.

Acabo a coser. Dejo a llorar. Vuelvo de empezar. Sigo de esperar.

Nijibu mapema. Wakala wa ajira anasema simu itakuwa mwezi wa nane.

Sindano


20 Juni

Dada mpendwa,

Shikamoo, na nisamehe kwa ukimya. Wageni wamefurika, tunafua mpaka usingizini. Pole kwa Mama, na mwambie asikatae mkono.

Kazi yako naituma. Utaona mwenyewe, sina la kuongeza. Uko tayari dada. Endelea kuzisema hivyo hivyo kwa sauti, bila kusita, watu wa huku hawapendi mtu anayesitasita.

Nina ombi dogo. Nishonee gauni jepesi, linalopwaya kuanzia chini ya kifua, bila mkanda. Joto la huku chini halivumiliki. Vipimo nimeviandika nyuma ya karatasi hii.

Kasuku


8 Julai

Kasuku wangu,

Nimeifungua bahasha barabarani, sikuweza kungoja nifike. Tiki nne. Nimezitazama moja moja, nikaanza kucheka peke yangu, mama mmoja muuza mkaa akaniuliza kama nimepata mchumba. Nikamwambia zaidi ya hapo.

Sitakuficha, nilipofika nyumbani nilitoa barua yako ya Machi. Nikaona mle uliandika acabo de, mimi nimeandika acabo a. Nikaona dejo de, mimi dejo a. Nikasimama katikati ya duka nikijiuliza. Halafu nikatazama tena tiki zako, wino wenyewe umekolea, hujasita. Nikasema labda zote mbili zinafaa, labda wenyewe huongea hivi na hivi, na mdogo wangu anayeishi nao ndiye anayejua. Kwa hiyo nimeikunja ile barua ya Machi nikairudisha kwenye mkebe wa vifungo, na ninazisema kama nilivyoandika, kwa sauti, bila kusita. Karatasi yenye tiki nimeibandika ukutani juu ya cherehani, na ile ya kwanza pembeni yake, ili wateja waone nilikotoka.

Gauni limekamilika, linakuja na bahasha hii. Vipimo vyako vimenishangaza, kiuno kimekuwa cha mtu mwingine. Huyo mpishi apunguze mkate. Nimekuachia kitambaa cha akiba kwenye mishono, ukihitaji kuongeza unafumua tu.

Mama amejifunza voy a volver. Anaisema akienda dirishani, kisha anarudi kitandani na kusema, mmeona.

Dada yako mwenye tiki nne,
Sindano


24 Agosti

Kasuku,

Natumaini gauni limekufika na limekukaa vizuri. Mama hajambo.

Nimeshindwa.

Nilikwenda ofisini kwa wakala nimevaa ile suti ya kijivu niliyoishona kwa ajili ya siku hiyo. Nilikaa kwenye benchi na wenzangu, kila mmoja ananong'ona sentensi zake. Zamu yangu ikafika, nikapewa simu. Sauti ya Mama Funguo ni nzito kuliko nilivyodhani. Salamu zilikwenda vizuri. Akaniuliza nilikuwa nafanya nini leo, nikaelewa swali, mdogo wangu, nikalielewa lote, nikafurahi, nikamjibu kama ulivyonifundisha, kwa sauti na bila kusita. Nikasikia ananiuliza, ¿cómo?, yaani unasemaje. Nikarudia. Akasema tena, ¿cómo? Nikadhani simu ni mbovu, nikapandisha sauti. Kadiri alivyouliza ndivyo nilivyozidi kupaza, mpaka wakala akanishika bega kwa upole akachukua simu. Wakaongea wao wawili. Kisha akaniambia kwamba huyo mama anasema mimi ni mtu mwema, bila shaka, lakini mgeni akinipigia kengele hatanielewa.

Wenzangu kwenye benchi walitazama sakafu. Nilirudi kwa miguu, suti yote imelowa mgongoni.

Sijui nilikosea wapi. Nimezirudia sentensi zote kichwani, ni zile zile ulizozipitisha. Kwa hiyo kosa ni ulimi wangu. Wengine hatukuumbwa kwa ajili ya mambo haya. Nisamehe kwa kukupotezea muda, na sijui nimwambie nini Mama. Niandikie upesi.

Sindano


15 Septemba

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Gauni limenikaa vizuri sana, ahsante. Nimesoma barua yako nikaumia. Usijilaumu. Lugha ni kitu kigumu, na umri nao una mchango wake. Mama Funguo ana roho ngumu, hakuna anayemfurahisha. Tutajaribu tena mwakani au mwaka unaofuata.

Kuhusu nafasi, wameniuliza kama naendelea, ikabidi nikubali. Bila kazi hii hakuna kibali cha kukaa, na nafasi ikiondoka imeondoka kwa familia nzima. Tengo que trabajar, unaikumbuka. Nimesaini kwa kipindi kingine. Nimefanya hivyo kwa ajili yetu sote. Mueleze Mama polepole. Mwambie voy a volver.

Kasuku


12 Oktoba

Kasuku,

Tuko wazima. Mama anakula. Salamu zimeishia hapo.

Wiki iliyopita aliingia dukani mteja mmoja, nesi mstaafu, ameleta sketi aongezewe urefu. Nilikuwa nimepiga magoti napima upindo, pini nimezibana midomoni, nikainua macho. Alikuwa anasoma ukuta. Zile karatasi sikuzibandua hata baada ya kushindwa. Nilisema angalau ukutani nimewahi kuwa na akili.

Akaniuliza kazi ni ya nani, nikasema yangu. Akaniuliza aliyesahihisha ni nani, nikamwambia ni mdogo wangu, anaishi huko, Kihispania kwake ni kama maji ya kunywa. Nilisema kwa majivuno, na pini zangu mdomoni. Kumbe yule mama alisomea unesi kwa lugha hiyo hiyo, akiwa kijana. Akasogea mpaka ukutani, akavaa miwani, akasoma ile ya kwanza yenye maduara yako mawili, akasoma ya pili yenye tiki zako nne. Kisha akageuka.

"Mlikosana lini?" akaniuliza.

Nikatema pini kiganjani. Nikamwambia hatujawahi kukosana.

Basi akanieleza. Alinieleza kwa upole, kama wanavyowaeleza wagonjwa. Hakuna sentensi hata moja kati ya zile nne iliyo sahihi. Si kwamba zinafaa hivi na hivi. Zote zimechanika. Akasema mtu aliyeziona kasoro za karatasi ya kwanza, ndogo kama zilivyo, asingeweza kupitwa na hizi. Nikatoa barua yako ya Machi kwenye mkebe wa vifungo nikampa. Akaisoma, akaikunja, akanirudishia. Aliacha sketi yake na kuniambia hana haraka nayo.

Kasuku, nimekaa na jambo hili siku kadhaa nikilitafutia jina lingine. Nimejaribu kusema umepitiwa. Lakini mtu akipitiwa hukosea huku na huku, moja anaiona, nyingine inamponyoka. Wewe hukukosa hata moja. Kila mahali nilipochanika ukapiga tiki, halafu ukaniambia niseme kwa sauti, bila kusita. Kazi yako ni kuzuia shuka iliyochanika isipande juu kwa wageni. Mimi ulinipandisha.

Ulinivika kilemba cha ukoka, nami nikakivaa mpaka ofisini kwa watu na suti yangu ya kijivu. Nilimpigia kelele mwanamke nisiyemjua. Nikarudi nyumbani nikiamini kwamba nimezaliwa mjinga, nikakuandikia wewe kukuomba radhi. Wewe ukazipokea radhi zangu. Ukaniambia umri una mchango wake. Nadhani tiki ningekuja kukusamehe, lakini hilo la umri sijui.

Nakuuliza jambo moja tu, nataka jibu moja. Kwa nini?

Dada yako


9 Novemba

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini Mama hajambo na miguu inaendelea vizuri. Huku hali ya hewa imebadilika. Mimi niko mapumzikoni kidogo, daktari amenishauri nisisimame muda mrefu, si jambo la kukutia hofu.

Barua yako imeniliza. Sikutegemea kwamba neno la mgeni mmoja aliyeingia dukani lingekuwa na uzito kuliko la ndugu yako. Kazi ile niliisahihisha nikiwa nimechoka, macho hayaoni, taa ya huku chini ni hafifu mno. Nilikuwa nataka kukuambia uzirudie, nikasahau. Na hata kama ningekuwa nimefikiria jambo, ningekuwa nimekufikiria wewe. Kazi hii ingekuvunja mgongo. Umezoea kukaa. Huku hakuna anayekaa.

Usiniweke kwenye mizani kwa karatasi moja. Mimi ni yule yule. Voy a volver, nakuahidi. Mpishi anakusalimu.

Mdogo wako anayekupenda,
Kasuku


4 Desemba

Kasuku,

Mama hajambo. Mimi pia, tena kuliko ulivyotarajia. Yule nesi hupita dukani jioni, sketi yake ilishakwisha zamani lakini bado anapita. Namshonea, ananifundisha. Akiona nimekosea anagonga meza kwa kidole, nami nampenda kwa hilo. Wakala anasema kuna nyumba nyingine ya wageni, ndogo, wanatafuta fundi wa mapazia na mashuka mwakani. Sijui kama nitapata. Nikishindwa, safari hii nitashindwa kwa makosa yangu mwenyewe.

Barua yako nakurudishia. Nimeisahihisha. Sina kalamu nyekundu, nimetumia chaki yangu ya kushonea, ikifutika njiani shauri yako, kwa hiyo narudia hapa.

Uliandika kwamba ulikuwa umechoka na macho hayaoni. Duara. Wino wa tiki zile haukutetemeka hata kidogo.

Uliandika kwamba ulikuwa unataka kuniambia. Duara. Andika: nilikuwa naogopa kukuambia.

Uliandika kwamba kazi hiyo ingenivunja mgongo. Duara. Habari za mgongo wangu niulize mimi, umeinama tangu wewe hujaota meno, na ndio uliokubeba.

Uliandika mpishi anakusalimu. Hapo hakuna kosa, ila umeacha nafasi kubwa tupu. Mimi ni fundi, Kasuku. Mwanamke anaweza kunidanganya kwa mdomo akinitazama machoni, lakini akishanipa vipimo vyake nimeshajua. Nililijua lile gauni nilipolikata, nikakataa kulijua. Kitambaa cha akiba niliwekea nini kwenye mishono? Sasa mtoto kama hajazaliwa yuko karibu. Huyo hana kosa kwetu, nimemshonea vitu vidogo, vimo ndani ya kifurushi. Mpishi namrudishia salamu.

Na sasa ndilo linalonila. Ungeniambia. Ungeandika mistari miwili tu: dada, nimepata mtu, nimepata mimba, nikirudi nitapoteza vyote, niachie zamu yako. Ningelia. Ningekutukana, ungekaa muda mrefu bila barua yangu. Halafu ningekuachia, kwa sababu wewe ni mdogo wangu na sijawahi kukunyima kitu tangu uzaliwe, na hilo ulilijua kuliko mtu yeyote. Ningebaki na kiti changu na dirisha langu, lakini ningebaki nikijua kwamba nimekupa. Wewe uliona ni rahisi zaidi kunifanya mjinga kuliko kuniomba. Kukupa nilikuwa nimezoea, Kasuku. Kuibiwa na wewe ndiko nisikokujua, na sijui nitaanzia wapi.

Mama sijamwambia. Si kwa ajili ya kukusitiri. Habari ni yako, mpelekee mwenyewe. Yeye anajua tu kwamba umesaini tena, na tangu siku hiyo haisemi tena ile voy a volver akienda dirishani. Jana aliniomba karatasi. Alisema huenda lugha yetu imeanza kukutoka, ndiyo maana barua zako zimekuwa fupi, kwa hiyo atakuandikia kwa hiyo ya huko. Nikamuuliza nani amekufundisha, akasema nyie mnapiga kelele nyumba nzima, nitaacha kujifunza? Aliandika mwenyewe, kwa mkono wake, ilimchukua asubuhi yote. Iko hapa chini, swali moja tu, utarudi lini.

Nimeikagua nikiwa na chaki mkononi. Kila pini iko mahali pake. Mjibu kwa lugha yoyote unayotaka. Mimi sitakusahihishia tena.

Sindano


¿Cuándo vas a volver?
Mama